Maziwa, Kirusi cha Ng'ombe na Saratani ya Matiti

Katika ziara moja ya mafunzo kwa walimu wa sayansi huko Manchira, wilayani Serengeti, nilikaribishwa nyumbani kwa mwalimu mmoja. Mama yake mzazi alinimiminia maziwa kutoka katika kibuyu, akakaa kando yangu kwa muda bila ya kusema neno. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma mpaka Ulaya. Mdogo wangu alikufa kwa ugonjwa wa titi. Sasa naambiwa kwamba ugonjwa ule hutoka kwa ng'ombe. Je, ni sisi tuliomnywesha?"

Nilimjibu kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno kwa swali zito kama lile. Katika sehemu za Serengeti na Tarime, pande zote mbili za Mto Mara, ng'ombe ni chakula, ni mahari, ni akiba ya ukoo. Uvumi kwamba maziwa huleta saratani waweza kumnyima mtoto chakula bora, na waweza pia kumtia mjane au yatima lawama asiyoistahili. Kwa upande mwingine, kama kuna hatari ya kweli, wananchi wana haki ya kuijua. Makala hii inakusudia kueleza, hatua kwa hatua, wataalamu wamepata nini hadi sasa, na kwa nini bado hawajakubaliana.

Kirusi chenyewe

Virusi vya lukimia ya ng'ombe, ambavyo wataalamu huviita kwa kifupi BLV, vilitambuliwa mwaka 1969 na Janice Miller pamoja na wenzake huko Wisconsin, Marekani. Virusi hivi ni vya jamii ya retrovirusi. Kiumbe wa kawaida huhifadhi maagizo ya urithi katika DNA, na kutoka hapo hutengeneza nakala za RNA. Retrovirusi hufuata njia ya kinyume: hubeba maagizo yao katika RNA, na wakiisha kuingia ndani ya seli hutumia kimeng'enya maalumu kuyageuza kuwa DNA. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1975.

DNA hiyo mpya hujipachika katika DNA ya seli yenyewe. Tangu hapo, kila seli inapogawanyika, maagizo ya kirusi hurithishwa pamoja na maagizo ya mnyama. Ndiyo sababu ng'ombe akiisha kuambukizwa hubaki na kirusi maisha yake yote.

Seli zinazoshambuliwa hasa ni zile seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Hata hivyo, ng'ombe wengi walioambukizwa huonekana wazima kabisa. Takriban theluthi moja hupata ongezeko la kudumu la seli nyeupe katika damu, na wachache, pungufu ya 5 katika kila 100, huota uvimbe wa saratani ambao mwishowe huwaua.

Kirusi hiki huenea zaidi kwa njia ya damu. Sindano moja ikitumiwa kuchanja ng'ombe wengi bila ya kuchemshwa, au kifaa kimoja kikitumiwa kukata pembe na kutoboa masikio ya kundi zima, tone dogo la damu latosha kuhamisha ugonjwa. Pange na inzi wengine waumao waweza pia kuuhamisha, na ndama waweza kuupata kwa maziwa ya mama yao.

Nchi kadhaa za Ulaya, Denmaki ikiwamo, zimeumaliza ugonjwa huu kwa kuwapima ng'ombe na kuwaondoa wenye kirusi. Marekani haikufuata njia hiyo. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya mashamba 80 katika kila 100 ya ng'ombe wa maziwa nchini humo yalikuwa na dalili za maambukizi. Hapa kwetu, wataalamu wa mifugo walitangaza mwaka 1997 kwamba kingamwili dhidi ya kirusi hiki zimeonekana katika damu ya ng'ombe wa Tanzania. Kwa hiyo swali la mama yule wa Manchira lina msingi: kirusi hiki kimefika nchini mwetu.

Je, kimepata kuvuka kwa binadamu?

Wazo kwamba maziwa yaweza kubeba chanzo cha saratani ya matiti si geni. Mwaka 1936, John Bittner wa Marekani alichukua panya wachanga wa ukoo ambao majike wake walikuwa na saratani nyingi ya matiti, akawanyonyesha kwa mama wa ukoo usiokuwa na ugonjwa huo. Wengi wa panya hao walisalimika. Baadaye ilidhihirika kwamba katika maziwa ya panya wagonjwa mlikuwa na retrovirusi. Hali kadhalika, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kwamba retrovirusi mwingine, HTLV-1, ambaye ni ndugu wa karibu wa BLV, husababisha aina ya lukimia kwa binadamu, naye huweza kupita kwa mtoto katika maziwa ya mama.

Basi katika miaka ya 1970 wataalamu waliwapima wakulima, madaktari wa mifugo na watu wengine waliokuwa karibu na ng'ombe wenye BLV. Hawakuona kingamwili zozote, na wengi wakaridhika kwamba kirusi hiki hakimgusi binadamu. Lakini vipimo vya siku zile havikuwa vikali kama vya leo. Mwaka 2003, Gertrude Buehring wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, pamoja na wenzake, waliwapima watu 257 kwa mbinu mpya. Wakaona kwamba 74 katika kila 100 walikuwa na kingamwili zenye kuitikia protini ya BLV. Jambo hilo peke yake halikuthibitisha maambukizi, kwa kuwa mwili waweza kutengeneza kingamwili dhidi ya protini iliyoliwa tu. Hata hivyo, swali lilifunguliwa upya.

Mwaka 2014 kundi hilo lilitangaza kwamba limeona DNA ya BLV ndani ya tishu za matiti ya wanawake. Mwaka uliofuata lilitoa ulinganisho ambao umezusha mabishano mengi. Katika wanawake wenye saratani ya matiti, 59 kwa kila 100 walikuwa na DNA ya kirusi katika tishu zao. Katika wanawake wasio na saratani, walikuwa 29 kwa kila 100.

Tuzitazame nambari hizo kwa makini, maana wanafunzi watakutana na hesabu za namna hii mara nyingi. Katika kundi la wagonjwa, wenye kirusi ni 59 na wasio nacho ni 41. 59 ukigawa kwa 41 unapata 1.44. Katika kundi la wazima, 29 ukigawa kwa 71 unapata 0.41. Sasa gawanya 1.44 kwa 0.41, nawe utapata 3.5. Watafiti waliposahihisha hesabu kwa kuzingatia mambo mengine yanayoweza kupotosha ulinganisho, walipata 3.07. Kama kirusi na saratani visingekuwa na uhusiano wowote, jibu lingekuwa karibu na 1. Uchunguzi uliofanywa nchini Australia na kutangazwa mwaka 2017, na mwingine wa Texas wa mwaka 2018, ulielekea upande huo huo.

Upande wa pili wa mizani

Lau habari ingeishia hapo, msomaji angeweza kudhani kwamba shauri limekatwa. Lakini sayansi haikati shauri kwa kumsikiliza shahidi mmoja.

Mwaka 2016, watafiti nchini China waliwachunguza wanawake wenye saratani ya matiti pamoja na wanawake wazima, wasione BLV hata kwa mmoja. Mwaka huo huo, Nicolas Gillet na Luc Willems wa Ubelgiji walipekua taarifa za DNA yote ya uvimbe wa matiti 51. Kama kirusi kingekuwa kimejipachika humo, alama zake zingeonekana. Hawakuziona.

Yawezekanaje wataalamu waaminifu kufikia majibu yanayopingana hivi? Sababu ya kwanza ni mbinu. Kundi la Buehring lilitumia mbinu ya PCR, ambayo hurudufisha kipande kidogo cha DNA mara mamilioni hadi kiweze kuonekana. Uwezo huo mkubwa ndio pia udhaifu wake, kwa kuwa chembe moja ya DNA ya kigeni ikidondoka katika chupa, nayo hurudufishwa. Katika maabara nyingi seli hukuzwa kwa kutumia seramu ya damu ya ndama. Kwa hiyo vitu vya ng'ombe vimo ndani ya jengo lenyewe. Wenye kutetea matokeo hayo hujibu kwamba walichukua tahadhari, na kwamba kama ni uchafu tu, usingeonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima. Wenye kupinga hujibu kwamba kirusi kinachosababisha saratani kingepaswa kuacha alama iliyo dhahiri katika seli za uvimbe, kama kifanyavyo katika seli za ng'ombe.

Sababu ya pili ni tofauti ya watu na ya mifugo. Huenda kirusi kimeenea zaidi katika nchi moja kuliko nyingine, na jibu la China si lazima liwe jibu la Texas. Kwa sababu hizo zote, kauli iliyo salama ni hii: uhusiano kati ya BLV na saratani ya matiti ya binadamu umedaiwa na wengine na kukanushwa na wengine, na usababishi haujathibitishwa.

Somo kutoka Uganda na Mara

Wasomaji wa Mara wana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa mkoa wao umo katika historia ya utafiti wa virusi na saratani.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa taya ulioshambulia watoto wa Afrika. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi katika seli za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Wengi walishangilia kwamba chanzo kimepatikana. Lakini punde ilibainika kwamba karibu watu wazima wote duniani wamekwisha ambukizwa kirusi hicho, na hali uvimbe huo huwapata watoto wachache tu, hasa palipo na malaria nyingi.

Ili kujua kama kirusi kinatangulia ugonjwa, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya ya West Nile, Uganda, wakaihifadhi na kungoja. Baada ya miaka kadhaa walirudi kwenye damu ya wale walioupata ugonjwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto hao walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi hicho hata kabla hawajaugua. Huo ulikuwa ushahidi wa nguvu.

Likabaki swali la malaria. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini ya wakati ule, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa dawa ya klorokwini ili kuona kama uvimbe wa Burkitt utapungua. Ulipungua kweli. Lakini kumbukumbu za hospitali zilionyesha kwamba ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Watafiti, kwa uaminifu, hawakudai ushindi ambao takwimu hazikuwapa.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kirusi chaweza kuwa sehemu tu ya chanzo, kikihitaji mambo mengine ili ugonjwa utokee. La pili, kukuta vitu viwili mahali pamoja hakutoshi. Lazima tuulize: je, kirusi kilitangulia? Je, maabara nyingine huru zinapata matokeo yale yale? Je, njia ya kutoka kwenye kirusi hadi kwenye uvimbe inaeleweka? Na je, kirusi kikiondolewa, ugonjwa hupungua? Kwa BLV, uchunguzi wa Australia uligusa swali la kwanza kwa kupima tishu zilizotolewa miaka 3 hadi 10 kabla ya saratani kuonekana, na katika wengi wa waliokuwa na kirusi baadaye, kilikuwapo tangu awali. Lakini hata hapo mbinu iliyotumika ni ile ile inayobishaniwa.

Hoja ya wanywaji maziwa

Mwanafunzi mwerevu aweza kusema: "Kama maziwa ndiyo chanzo, wafugaji wa Afrika Mashariki wangekuwa na saratani ya matiti kuliko watu wote. Mbona ugonjwa huu huonekana zaidi Ulaya na Marekani?" Hoja hii inavutia, lakini haitoshi kukanusha, kama vile hoja ya kinyume isivyotosha kuthibitisha. Nchi hizo mbili hutofautiana kwa mambo mengi kwa pamoja. Wanawake wa kwetu huzaa mapema, huzaa watoto wengi zaidi na hunyonyesha kwa muda mrefu, na mambo hayo hupunguza hatari. Watu wa Ulaya huishi miaka mingi zaidi, na saratani ya matiti huongezeka kwa umri. Isitoshe, mgonjwa asiyefika hospitali haandikwi katika takwimu. Kulinganisha nchi na nchi hutupatia maswali mazuri. Majibu hupatikana kwa kulinganisha mtu na mtu.

Tufanye nini leo?

Inapokuwa jibu la sayansi halijakamilika, busara hutaka tushike yale tunayoyajua kwa hakika.

Tunajua kwamba maziwa mabichi huweza kuleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Magonjwa haya hayana mabishano, nayo yanawaumiza wafugaji hata sasa. Tunajua vilevile kwamba joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, huondoa nguvu ya BLV pamoja na vijidudu hivyo. Kwa hiyo anayechemsha maziwa amekwisha kujikinga na hatari zilizothibitishwa pamoja na ile inayodhaniwa, na mtoto wake hapotezi chakula. Apendaye mtindi na achemshe maziwa kwanza, ayaache yapoe, ndipo atie chachu. Nyama nayo iive vema, na damu ya ng'ombe isinywewe mbichi. Kwa upande wa mifugo, kila ng'ombe apate sindano yake safi, na vifaa vya kukatia pembe visafishwe na kuchemshwa kabla ya kutumika tena. Tahadhari hizo hulinda mali ya mfugaji hata kama binadamu hahusiki.

Juu ya saratani yenyewe, hatari zilizothibitishwa ni umri, urithi wa jeni fulani katika ukoo, pombe, na unene uliozidi baada ya kukoma hedhi. Lakini hatari iliyo kubwa kwa mwanamke wa Tanzania ni kuchelewa. Wengi wa wagonjwa wetu, takriban 8 katika kila 10, hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha enea, wakati ambapo tiba ni ngumu. Uvimbe usiouma, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: lolote kati ya hayo linataka uchunguzi wa daktari mara moja. Kutoka Mara mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, wengi hupona.

Mama yule wa Manchira angestahili kujibiwa hivi: "La, mama, hakuna ajuaye kwamba maziwa ndiyo yaliyomuua mdogo wako, na wala ninyi hamkumkosea kwa kumpa chakula cha wazee wenu. Yachemsheni maziwa, kwa sababu tunazozijua. Na binti zake mkiwaona na uvimbe, msingoje."

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika uchunguzi wa Australia, wanawake 40 kati ya 50 wenye saratani walikuwa na DNA ya BLV. Kati ya wanawake 46 wasio na saratani, walikuwa 19. Fanya hesabu kama ilivyoonyeshwa hapo juu. Watafiti wenyewe, baada ya kusahihisha, walipata 4.72. Kwa nini jibu lako linatofautiana na lao?

2. Tuseme unataka kujua kama kirusi hiki hutangulia saratani. Ukitumia mfano wa West Nile, ungefanyaje uchunguzi huo katika Mkoa wa Mara? Ungehitaji watu wangapi, na ungengoja miaka mingapi?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini chombo chenye uwezo mkubwa wa kuona vitu vidogo chaweza pia kumpotosha mtafiti.